Ngozi, Mfupa na Lami: Niliyojifunza Baada ya Kuanguka na Pikipiki

Kila anayesikia kwamba nilipata ajali ya pikipiki huuliza swali lilelile: ulikuwa umevaa helmeti? Nikisema ndiyo, anashusha pumzi, ananipa pole, na mazungumzo yanahamia kwingine. Ni kama vile ukishavaa helmeti umemaliza, na ukishatoka hai hakuna la ziada la kuzungumza. Kwangu mimi mazungumzo yangeanzia hapo. Helmeti ndiyo iliyonifikisha hospitali nikiwa na akili zangu timamu. Lakini miezi iliyofuata, yaani nililia kwa ajili ya nini, nililalia ubavu upi, nilirudi kushika kikombe lini, yote hayo yaliamuliwa na nguo nilizokuwa nazo kuanzia shingoni kushuka chini.

Siku ile nilivaa helmeti inayofunika uso mzima, jaketi la pikipiki lenye pedi mabegani na viwikoni, glavu za ngozi na buti lililopita kifundo cha mguu. Suruali ilikuwa jinzi ya kawaida. Naviorodhesha mapema kwa sababu kila kimoja kilikuja kuwa na habari yake.

Kuhusu kuanguka kwenyewe sina maneno mengi. Gari lililokuwa likija kutoka upande wa pili lilikata kona ghafla kuingia barabara ya pembeni, likaniziba njia. Nilikuwa kwenye mwendo wa kama kilomita 60 kwa saa. Nikashika breki, tairi la mbele likateleza, pikipiki ikalala ubavu wa kushoto na mimi nikaifuata. Dereva alishuka akisema hakuniona. Namwamini. Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles na kutoa ripoti yao mwaka 1981. Waliona kwamba pikipiki inapogongana na gari, takriban mara mbili katika kila tatu ni dereva wa gari aliyeingia kwenye njia ya pikipiki, na mara nyingi anasema hakuiona kabisa, au aliiona wakati hakuna tena la kufanya. Waliona pia kwamba mwendesha pikipiki, kwa kawaida, hupata muda usiofika sekunde 2 wa kujinusuru tangu hatari ianze. Muda huo hautoshi kufunga hata zipu. Unakutana na lami ukiwa na kile ulichotoka nacho nyumbani.

Nilipoteleza niliona kama sitasimama kamwe. Baadaye, nikiwa kitandani bila kazi, niliipigia hesabu. Mtu anayeanguka kwenye lami kavu akiwa na mwendo wa kilomita 60 kwa saa huburuzika mita 20 hivi, na huchukua zaidi ya sekunde 2 kabla ya kusimama. Kwenye mashine zinazopima msuguano wa nguo, jinzi ya kawaida hutoboka ndani ya sekunde 1 au karibu na hapo. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya muda ule wa kuburuzika nilikuwa bila suruali kwa upande wa kushoto, ingawa kiunoni mkanda ulikuwa bado umefungwa vizuri.

Hesabu hiyo ilinifundisha jambo ambalo natamani kila anayepanda pikipiki alielewe. Kwenye kuanguka kuna kupigwa na kuna kusuguliwa, na hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Kichwa chako kinapoangukia barabara iliyonyooka hakiigongi kwa kasi ya pikipiki. Kinaigonga kwa kasi ya kitu kilichodondoka kutoka kimo ulichokuwa umekaa, mita moja na nusu hivi. Ile kasi ya kwenda mbele inaishia kwenye kuburuzika, isipokuwa kama njiani kuna nguzo, ukuta au gari lingine. Ndiyo sababu kanuni ya kimataifa ya helmeti, ECE 22.05, ilikuwa ikizipima kwa kuzigongesha kwenye chuma kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 27 kwa saa, sawa na kudondoka kutoka karibu mita 3. Nimewasikia watu wakiitaja kilomita hiyo 27 kama ushahidi kwamba helmeti haina faida kwa mtu anayekwenda 80. Wanachanganya. Anayekwenda 80 naye huanguka kutoka kimo kilekile. Anachotofautiana na wa 40 ni umbali atakaoburuzwa, na hapo ndipo jaketi, suruali, glavu na buti vinapoingia kazini.

Nilipoacha kuburuzika nilikuwa nimelala chali. Watu walifika upesi, wote wakiwa na nia njema, na kijana mmoja akaanza kufungua mkanda wa helmeti ili nipate hewa. Mama mmoja akapaza sauti: "Msimvue! Mwacheni, anahema vizuri." Akapiga magoti nyuma ya kichwa changu, akakishika kwa mikono miwili nisiweze kugeuka.

"Mwanangu, usiinuke. Vidole vya miguu unavisikia?"

"Navisikia, mama."

"Vichezeshe nivione. Haya. Basi lala hivyohivyo, wanakuja kukuchukua."

Sijui alijifunzia wapi, lakini alifanya sawasawa na inavyotakiwa. Shingo ikiwa imevunjika, kuivuta helmeti kwa pupa kunaweza kumwachia mtu ulemavu ambao ajali yenyewe haikumpa. Aliyeanguka akiwa anahema na kuongea, mfungulie kioo cha mbele, mshikilie kichwa kisiyumbe na usubiri wataalamu. Helmeti huvuliwa pale tu ambapo hahemi, au anatapika na kupaliwa, kwa sababu mtu asiyepata hewa hawezi kusubiri. Hata hapo inahitaji watu wawili: mmoja anaingiza mikono kutoka chini na kushika taya na kisogo, mwingine anazipanua kingo za helmeti na kuivuta taratibu, bila kukizungusha kichwa. Mambo haya wafundishwe hasa watu tunaopanda nao na wanaotungoja nyumbani.

Hospitali walinikata jaketi kwa mkasi. Kwenye kiwiko cha kushoto kitambaa cha nje kilikuwa kimesagika chote, pedi ikawa inachungulia, nayo imepata mikwaruzo. Chini ya pedi nilikuwa na uvimbe wa rangi ya zambarau ambao uliisha wenyewe. Glavu ya kushoto, sehemu ya kiganja chini ya kidole kidogo, ngozi yake ilikuwa imechakaa ikabaki nyembamba kama karatasi, lakini haikutoboka. Kiganja kilikuwa kizima. Buti lilikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye kifundo, na kifundo chenyewe hakikuwa na alama yoyote. Halafu macho yangu yakashuka kwenye paja.

Kuanzia chini ya nyonga mpaka kwenye goti palikuwa na eneo pana, jekundu, linalong'aa kwa majimaji. Ndani yake kulikuwa na punje nyeusi za lami, mchanga, na nyuzi za buluu za jinzi zilizozama kwenye nyama. Muuguzi aliyekuja kunisafisha alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti. Alinionyesha brashi laini na koleo dogo kabla ya kuanza.

"Kaka, nitakuumiza, na sitaki nikudanganye. Nimekupiga sindano ya ganzi, lakini mahali pakubwa hivi haitafika kote. Nikiacha hivi vijiwe, ngozi itafunga juu yake, vibaki humo maisha yako yote."

Ndivyo ilivyo. Uchafu wa lami usipotolewa katika saa za mwanzo huachwa chini ya ngozi mpya kama chale, madoa ya rangi ya bluu na nyeusi yasiyofutika, mbali na hatari ya kidonda kuoza. Kwa hiyo alisugua. Alimwagia maji ya chumvi, akasugua tena, akachomoa punje mojamoja, akaufuata kila uzi mpaka mwisho wake. Mfupa wa mkono uliovunjika, ambao nitaueleza mbele, niliuvumilia kimyakimya, lakini kwa brashi ile nililia kwa sauti. Michubuko huuma hivyo kwa sababu miisho ya mishipa ya fahamu iliyo kwenye ngozi inabaki wazi, ikiguswa na kila kitu, mpaka upepo wa feni. Nilichomwa pia sindano ya pepopunda, na kama kidonda chako kimegusa udongo, usikubali kuondoka bila kuiulizia hiyo.

Paja lilipona kwa dawa na kufungwa bandeji. Goti lilikataa. Pale ngozi ilikuwa imekwenda yote mpaka chini, ikabidi kupandikiza nyingine. Wanakwangua tabaka jembamba la ngozi kutoka mahali pazima pa mwili wako na kulihamishia kwenye kidonda. Mimi walilitoa kwenye paja la kulia, ambalo halikuigusa lami hata kidogo. Hakuna aliyekuwa ameniandaa kwa hili: mahali palipotolewa ngozi paliniuma kuliko palipowekwa. Nililala nikiwa na vidonda pande zote mbili, nisijue nigeukie wapi. Upande mmoja wa suruali, ule wa kushoto, ulikuwa umenigharimu miguu yote miwili.

Ndipo nikaanza kutafuta watafiti wanasemaje. Nchini Australia, Liz de Rome na wenzake waliwafuatilia waendesha pikipiki 212 walioanguka katika eneo la Canberra, wakachapisha matokeo yao mwaka 2011. Waliokuwa na jaketi, suruali na glavu zilizotengenezwa kwa ajili ya pikipiki walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kulazwa hospitali. Faida kubwa ilionekana kwenye majeraha ya ngozi na nyama. Lakini watafiti hao walikuta pia kwamba zaidi ya robo ya jaketi, suruali na glavu hizo, ingawa ziliuzwa kama vifaa vya kinga, zilichanika au kutoboka kwenye ajali. Nitalirudia hilo baadaye, maana ni jambo zito.

Mfupa nao una kisa chake. Nilipoanguka niliweka mkono wa kushoto chini, kama afanyavyo kila binadamu. Kifundo cha mkono kilivimba kidogo tu. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha mpasuko, nami nikafurahi. Daktari hakufurahi. Alichukua kidole chake akakibonyeza kwenye kile kishimo kinachojitokeza chini ya dole gumba unapolinyoosha juu, nikaruka kitandani. Akasema kwamba hapo chini kuna mfupa mdogo uitwao skafoidi, ambao ukipasuka mara nyingi picha ya mwanzo haiuoni, na maumivu ya kishimo hicho ndiyo ushahidi. Akanifunga plasta ngumu hivyohivyo na kuniambia nirudi baada ya kama wiki 2. Picha ya pili ikaonyesha ufa.

Naueleza mfupa huu kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanaoanguka na pikipiki huondoka na "mkono umeteguka tu", wakachua, wakaendelea na kazi. Skafoidi hupata damu yake kutoka upande wa vidoleni kurudi nyuma. Ukikatika katikati, kile kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu na kufa polepole, mfupa usiunge kabisa, na baada ya miaka kifundo kikawa na baridi yabisi ya kudumu. Ukifungwa mapema hupona, ila kwa mwendo wa kobe: wiki nyingi, pengine miezi 3 na zaidi. Kama umeanguka na kishimo hicho kinauma ukikibonyeza, usikubali kurudishwa nyumbani kwa kuambiwa picha ni safi. Omba ufungwe na upigwe picha nyingine.

Je, glavu ilinisaidia nini basi? Haikuuzuia mfupa kuvunjika. Ilizuia kiganja kisichunike, na kwa hiyo mkono ukaingia kwenye plasta ukiwa na ngozi nzima, usio na kidonda cha kuozea humo ndani. Daktari alisema angepata shida kubwa kunifunga kama kiganja kingekuwa kama goti. Siku hizi kuna glavu zenye kipande kigumu chenye uso unaoteleza kwenye kitako cha kiganja, ambacho huufanya mkono uteleze juu ya lami badala ya kunasa. Mkono unaponasa, uzito wote wa mwili unaishia kwenye kifundo. Nilizonazo sasa zina kipande hicho.

Wakati wa plasta kuna dalili moja ambayo haisubiri asubuhi. Vidole vikianza kufa ganzi, vikapauka au kuwa vya baridi, au maumivu yakazidi na kuzidi hata baada ya dawa, na kuvinyoosha vidole kukawa hakuvumiliki, rudi hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Uvimbe ndani ya plasta au ndani ya misuli unaweza kuziba damu, na misuli ikikosa damu kwa saa chache haifufuki.

Kichwa changu kiliitwa kizima, na CT skani ilikuwa safi. Hata hivyo kwa muda nilikuwa mtu mwingine. Mwanga uliniumiza macho. Nilisahau maneno ya kawaida katikati ya sentensi. Nilimkaripia mke wangu kwa sababu ya mlio wa kijiko kwenye sufuria. Daktari alituita sote wawili akatueleza kwamba ubongo umetikiswa, kwamba picha haiwezi kuonyesha hilo, na kwamba hasira ile ni sehemu ya jeraha. Alitaka nipumzike kabisa siku moja au mbili za mwanzo, kisha nirudie shughuli kidogokidogo, na nisijiweke mahali ninapoweza kupigwa tena kichwani kabla sijapona. Mke wangu alipewa mambo ya kuangalia: kichwa kuuma na kuzidi, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine, au maji maangavu kutoka sikioni au puani. Moja tu kati ya hayo, turudi mbio. Karatasi ile aliibandika ukutani, na nilipolala alikuwa akiniamsha kuniuliza jina lake.

Kuna aliyeniambia kwamba kama ubongo ulitikisika, basi helmeti ilishindwa kazi. Nilimwonyesha helmeti yenyewe. Kwenye kidevu, upande wa kushoto, kuna mfereji wenye upana wa vidole viwili, kina chake kimepita rangi na kuingia kwenye ganda. Helmeti iliyo wazi mbele isingekuwa na kitu pale. Pangekuwa na taya langu. Nilipobandua kitambaa cha ndani niliona lile povu gumu jeupe, la polisitirini, limebonyea na kupata nyufa. Povu hilo ndilo linalookoa maisha kuliko ganda la nje: linapopondeka linakipa kichwa nafasi ya kusimama taratibu zaidi, ubongo usigonge fuvu kwa nguvu zote. Likishapondeka halirudi. Ndiyo maana helmeti iliyopata ajali haitumiki tena hata ikionekana nzuri kwa nje. Niliukata mkanda wa ile yangu ili asije mtu akaiokota na kuiamini.

Elimu hii ina historia yake. T. E. Lawrence, afisa wa Uingereza aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki Mei 1935 bila helmeti, akafariki siku chache baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo Hugh Cairns. Kifo kile hakikumtoka moyoni. Alianza kukusanya habari za wanajeshi waliokuwa wakipeleka barua kwa pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha makala akionyesha umuhimu wa helmeti kwa waendesha pikipiki. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapelekaji barua wake kuivaa. Sheria ya kumlazimisha raia wa kawaida nchini humo ilikuja mwaka 1973. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Huwa najiuliza Cairns angesema nini akiona helmeti iliyoning'inizwa kwenye kioo cha pikipiki huku mwenyewe anaendesha kichwa wazi.

Kupona kwenyewe kulikuwa kazi ya kila siku, na ya kuchosha. Ngozi iliyopandikizwa kwenye goti hupenda kukaza, na ukiiacha inakufungia goti likiwa limekunjwa. Mtaalamu wa fiziotherapia alinipa zoezi la kukaa ukingoni mwa kitanda, nikunje goti mpaka nisikie ngozi inavutika, nihesabu taratibu, niachie. Kila siku, asubuhi na jioni, hata siku ambazo sikuona tofauti yoyote. Nilipaka mafuta, nikakanda kovu kwa kidole gumba, nikalifunika lisipigwe jua maana kovu changa likichomwa na jua hubaki na rangi. Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba na mkakamavu kama si wangu. Nikaanza kwa kukamua sponji kwenye maji ya uvuguvugu. Wanaovuta sigara niwaambie hili: sigara huchelewesha mfupa kuunga na huhatarisha ngozi iliyopandikizwa. Daktari aliniuliza habari ya sigara kabla ya kuniuliza jambo lingine lolote.

Hofu ilikuja mwishoni, nilipodhani yote yamekwisha. Nikiwa abiria garini, gari lolote lililosogea kwenye makutano lilinifanya nikanyage breki isiyokuwepo. Usiku nilikuwa nasikia ule mlio wa plastiki ikisagika. Wanaume wengi hatulisemi hili. Mimi nililisema kwa kaka yangu mkubwa, naye akanipeleka kwa mshauri nasaha bila kunicheka. Niliambiwa kwamba wiki za mwanzo ni kawaida, lakini ndoto na mishtuko ikiendelea zaidi ya mwezi na kukuharibia maisha, hiyo ni hali inayotibika na mtu asikae nayo kimya. Nilirudi kwenye pikipiki kwa hatua: kwanza kuketi tu ikiwa imezimwa, halafu uwanja mtupu, halafu barabara ya nyumbani asubuhi na mapema. Kuna waliopata ajali kama yangu wakaamua kutopanda tena, na uamuzi wao nauheshimu kabisa.

Sasa lile suala la vifaa vinavyopasuka. Ukinunua, usiangalie sura, tafuta lebo. Kwenye helmeti tafuta alama ya ECE, na ikiwezekana toleo la 22.06, ambalo limeongeza kipimo cha mgongano wa mshazari unaokizungusha kichwa. Mzunguko huo huuumiza ubongo sana. Jaketi na suruali vina kiwango cha Ulaya cha EN 17092: AAA ndiyo kinga ya juu, kisha AA, kisha A. Pedi za viungo zina EN 1621-1, ngazi ya 1 na ya 2, na ya 2 hupitisha nguvu ndogo zaidi mwilini. Glavu ni EN 13594, buti ni EN 13634. Nguo isiyo na lebo yoyote ndani inaweza kuwa nzuri, lakini hakuna aliyeipima, na kipimo chake kitakuwa wewe.

Lebo nzuri haitoshi kama kitu hakikukai. Helmeti ibane mashavu bila kuuma. Ifunge mkanda, ishike kwa nyuma chini na ujaribu kuipindua kuja mbele. Ikitoka kichwani, siku ya ajali itatoka pia. Pedi ya goti iangalie ukiwa umeketi kwenye pikipiki, kwa sababu suruali hupanda na pedi huhama. Pedi ya kiwiko inayozunguka ukiisukuma kwa mkono haitabaki mahali pake ukiburuzwa. Kuhusu joto, najua, jasho linachosha. Yapo majaketi na suruali za kitambaa cha wavu zinazopitisha upepo na bado zina lebo. Nazo kwenye lami haziwezi kulingana na nguo za ngozi nene, lakini nguo unayoivaa kila siku ina faida kuliko ile nzito inayobaki kabatini.

Asiyeweza kununua vyote kwa mpigo aanze na helmeti inayofunika uso mzima, kisha glavu na buti, kisha suruali, kisha jaketi. Wengi hununua jaketi mapema kwa sababu linaonekana, na suruali huja mwisho au haiji kabisa. Mimi naiweka suruali mbele ya jaketi kwa sababu ukilala na pikipiki, nyonga na goti hufika chini mapema na hukaa huko muda wote. Na abiria naye ahesabiwe. Yeye hana breki ya kushika wala haoni kinachokuja mbele, na anaanguka kutoka kimo kilekile. Nyumbani kwetu sasa kuna helmeti ya pili na glavu za pili za saizi ya mke wangu, na suruali yake ya pikipiki tulikwenda kuichagua pamoja, akaketi kwenye pikipiki pale dukani mpaka pedi zikakaa sawasawa magotini.